Viatu vya Lugendo na Mlio wa Pofu

Kabla mwiba haujajifunza kuchoma, pofu alitembea bila kusikika. Ninyi mliokuja hapa kutazama ngozi zikilainishwa mnamjua pofu: swala mkubwa kuliko swala wote, mwenye pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia chini ya shingo, dume lake zito kuliko fahali wa zizini. Siku hizo mnyama huyo mzito alipita kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya majani. Mtu aliyekaa kivulini alihisi tu pumzi ya joto begani mwake, na alipogeuka, kundi zima lilikuwa limeshampita. Wazee waliamini kwamba Mwenyezi Mungu alimpa pofu ukimya kwa kuwa hakumpa ukali. Kila kiumbe kina riziki yake na ngao yake, na ngao ya pofu ilikuwa kutosikika.

Na watu walikwenda pekupeku. Kiatu hawakukijua, wala hawakuwa na haja nacho, maana ardhi ya Igwamba ilikuwa laini kama unga uliotoka kuchekechwa. Mtoto alijifunza kutembea juu yake kama anayetembea juu ya mgongo wa mama yake.

Kisha mvua ikakatika. Haikukatika kwa hasira, ilipungua tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakasahau harufu yake. Ardhi ikakaza kama chungu kilichochomwa. Wanyama wenye njaa wakaanza kuitafuna migunga hadi mashina, na migunga ikamlilia Mungu kwamba inakwisha, ikapewa miiba. Ziwa lililokuwa upande wa machweo likakauka, likaacha tope la chumvi. Wanyama wakahamia vilima vya ng'ambo, kulikokuwa na chemchemi. Basi kati ya watu na nyama pakawa na miiba na changarawe, na baada ya changarawe, lile tope linalounguza kidonda kama pilipili.

Wanaume walijaribu. Walirudi wanatambaa. Magaga ya visigino yalipasuka hadi damu, na aliyechomwa na mwiba alikaa uani akiutazama mguu wake ukivimba. Kijiji kizima kikawa kijiji cha watu waliokaa.

Miongoni mwao alikuwepo mwindaji aliyeitwa Lugendo. Mke wake, Nyamizi, alikuwa na mimba ya kwanza, imekomaa, naye amekonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana kama mpini wa jembe chini ya nguo. Mama yake Nyamizi, bibi mmoja aliyeitwa Mwashi, alikuwa ametoka kijiji chake kuja kumsubiri mjukuu, maana ndiye aliyejua kazi ya kuzalisha. Nanyi mnajua adabu ya kwetu ilivyokuwa. Mkwe hakumtazama mkwe wake usoni. Mama mkwe alipotokea njiani, mwanamume aliingia porini ampishe. Hawakusemeshana, na neno likiwa la lazima lilipitia kwa Nyamizi. Na zaidi ya yote, mama mkwe hakugusa vazi la mkwe wake, hata likianguka.

Siku moja Lugendo alitoka kutafuta mizizi ukingoni mwa miiba. Hapo akamkuta pofu dume, mzee, amelala ubavu, hawezi kusimama. Macho yake makubwa yalikuwa wazi, na ndani yake Lugendo aliona mbingu yote, na yeye mwenyewe akiwa mdogo katikati ya mbingu hiyo. Upinde ukamshuka mkononi.

"Kwa nini unasita?" pofu akamwuliza. "Una njaa."

"Nina njaa," akasema Lugendo. "Lakini umenitazama."

Pofu akasema, "Jua halijashuka nitakuwa nimekufa. Nyama yangu itawapa siku chache. Ngozi yangu itawapa miguu, kama mna masikio."

Na akamfundisha. Alimwambia achukue ngozi ya shingo kwa ajili ya soli, kwa kuwa shingo ndiyo iliyopigana na ndiyo nene. Ngozi ya mapaja iwe ya kufunika mguu, ipande mpaka juu ya kifundo, ili mwiba usipate dirisha. Ashone kwa kano za mgongo wake. Mguu asiupime asubuhi ukiwa umepumzika, aupime jioni ukiwa umevimba kwa kazi, la sivyo kiatu kitamkaba njiani. Kikilowa, akijaze majani makavu na akikaushe kivulini, kamwe kisiuone moto.

"Na mafuta yangu," pofu akasema, pumzi yake ikifupika, "yatie kwenye kibuyu. Hayo si yenu. Hayo ni chakula cha ngozi. Mnadhani ngozi ikivuliwa imekufa. Haijafa. Inaona kiu kama nyinyi, ila haina mdomo wa kuomba. Ilishe kabla hujala, nayo itakuchukua kama ilivyonichukua mimi."

Kisha akafa, na hata kufa kwake hakukusikika.

Watu walikuja wakaigawana nyama. Lugendo alipokwisha kukata vipande vyake vya shingo na vya paja, ngozi iliyobaki waliichemsha wakaila, kwa kuwa njaa haina heshima. Ndiyo sababu pakawa na jozi moja tu ya viatu katika nchi nzima ya Igwamba.

Sasa, Mungu anisamehe nikiongeza chumvi, lakini nilivyopokea ndivyo ninavyotoa. Lugendo alipovaa viatu vile na kusimama, mbwa wake mwenyewe hakumsikia. Alitembea juu ya majani makavu, hayakulia. Alipita juu ya changarawe, zikakaa kimya kama watu walioona mfalme. Miiba ilijikunja chini ya soli. Watu waliokuwa wamekaa uani walimwona akienda, na jambo lile lilikuwa kubwa machoni pao. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kanga, akaanza kulia polepole.

Akavuka nyika, akavuka tope la chumvi, akafika vilimani. Swala hawakuinua hata vichwa. Alirudi na digidigi wawili begani, na kijiji kikala. Akaenda tena, akarudi tena. Nyamizi akapata supu, na mtoto tumboni akaanza kucheza.

Lakini wanyama wa kiangazi hawana mafuta. Uboho wao ulikuwa kama maji. Watu walikula nyama kavu isiyo na ladha, na miili yao ikalilia mafuta kama mtoto anavyolilia ziwa la mama. Na mafuta pekee yaliyokuwepo yalikuwa kwenye kibuyu cha Lugendo, ambacho alitembea nacho kiunoni.

Alianza kwa kulamba kidole baada ya kupaka viatu. Kosa lingeishia hapo, lingekuwa kosa la kidole. Kisha siku moja, akiwa amekaa nyuma ya mwamba ng'ambo ya tope, alichovya kidole bila kupaka kwanza. Akajiambia, viatu bado ni laini, vitangoja. Siku nyingine akavipaka juu tu, pale panapoonekana na watu, vikang'aa vizuri, na soli na mishono akaviacha vikavu. Akala yaliyobaki. Na kila alipofika nyumbani Nyamizi alimwuliza, "Umevilisha?" naye alijibu, "Nimevilisha."

Kibuyu kikawa kitupu.

Jioni moja alirudi viatu vimelowa tope la chumvi. Alikuwa amechoka sana. Hakutafuta majani ya kuvijaza, aliviweka kando ya moto akalala palepale. Mwashi alikuwa anapita na kuni, akasikia harufu ya ngozi inayoungua. Alimwita binti yake, lakini Nyamizi alikuwa amelala usingizi wa wajawazito. Akamtazama mkwe wake, akaona haifai kumwamsha kwa mkono. Akatazama viatu, vinaanza kutoa moshi. Bibi yule akajua kabisa anachokivunja, akavichukua viatu vya mkwe wake kwa mikono yake miwili, akaviweka kivulini nje ya mlango.

Lugendo alifumbua macho wakati ule ule, akamwona, akayafumba tena.

Siku ya pili yake alikwenda kuwinda. Alipofika kwenye changarawe, kiatu cha kulia kikatoa sauti: ta. Akasimama. Akaenda tena: ta, ta. Ngozi kavu ilikuwa imepasuka chini ya kidole gumba, na kila alipokunja mguu ililia kama kijiti kikivunjika. Vilimani swala waliinua vichwa akiwa bado mbali, wakatimka. Alirudi mikono mitupu, na kijiji kizima kikatoka kumtazama.

"Kuna nini, Lugendo?" wakamwuliza.

Hapo angeweza kusema kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini aliona macho yote yale, akaona kibuyu kitupu kiunoni mwake, na neno jingine likatoka.

"Mama mkwe amevigusa viatu vyangu. Nimemwona mwenyewe."

Watu wakageuka kumtazama Mwashi. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya ghala, ameelekea ukuta kama adabu inavyotaka. Hakuweza kujibu, kwa kuwa mkwe hamjibu mkwe. Alijua pia kwamba alivigusa kweli. Wazee wakakata shauri: amevunja mwiko, mikono yake imeingia nuksi. Asile na watu. Na asimguse Nyamizi mpaka mwezi uandame tena.

"Na nikishikwa na uchungu kabla ya mwezi?" Nyamizi akauliza. "Mnajua mwingine wa kunizalisha hapa?"

Tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Kila mwanamke pale aliliona, na kila mmoja alijua kwamba mwezi hautawahi.

Lugendo hakuweza kukaa nyumbani. Alivaa viatu vyake vilivyopasuka akaenda, akijidanganya kwamba atapata nyama na neno litasahaulika. Ta, ta, ta, nyika nzima. Katikati ya miiba, mshono wa kisigino ukaachia, na mwiba uliokuwa unangojea siku zote ukaingia. Akaketi. Jua lilikuwa utosini. Alipoangalia mbele hakuona njia, na nyuma vilevile.

Ndipo akahisi pumzi ya joto begani.

Pofu walikuwa wamemzunguka. Hakuwaona wakija. Walikuwa wengi kuliko macho yanavyoweza kukusanya, rangi ya ardhi kavu, wamesimama bila kutikisa sikio, na katika ukimya wao Lugendo alisikia damu yake mwenyewe ikipita masikioni. Hofu iliyomshika haikuwa ile ya mtu aliyekutana na simba. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na miguu michafu.

Jike mmoja mkubwa akasogea. "Tumesikia sauti ya baba yetu," akasema. "Tumekuja mbio tukidhani anatuita. Kumbe ni ngozi yake inalia kiu."

Lugendo akainamisha kichwa. "Nimekula chakula chake," akasema.

"Hilo tunalijua. Ngozi inatuambia. Je, nyumbani kwako wanalijua?"

Akaeleza yote, habari ya kibuyu, ya moto, na ya mama mkwe aliyeelekea ukuta. Akasema pia habari ya tumbo la Nyamizi.

Upepo ulipita, hata upepo haukuwa na mlio. Halafu yule jike akapiga magoti ya mbele, akaweka goti lake juu ya kiatu kilichopasuka.

"Sauti hii itawaua walio nyumbani mwako," akasema. "Tupe sisi."

"Mkiichukua mtasikika," Lugendo akasema. "Mtawindwa."

"Tutasikika, ndiyo. Lakini usiunyooshe upinde wako juu yetu kabla hujasimama uso kwa uso na yule uliyemtwika mzigo wako. Ukisikia magoti yetu na bado una neno hujalisema, geuka urudi kwako."

Akainuka. Na alipokanyaga hatua ya kwanza, goti lake likalia: ta. Pofu wa pili akatembea, likalia lake. Wakafuatana, na nyika yote ikajaa mlio ule, kama mvua ya kwanza inapoanza kudondoka juu ya majani makavu. Lugendo alikuwa na mshale mkononi, na nyama ya kulisha kijiji inapita mbele yake kwa umbali wa kutupa jiwe. Hakuinua mkono. Alikaa akisikiliza, machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa ameona aliyekosewa akibeba alama ya kosa, na mkosaji akiachwa aende zake.

Akang'oa mwiba, akafunga kisigino kwa gome, akarudi. Viatu vilikuwa bado vimepasuka, lakini havikutoa sauti hata kidogo.

Nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala, watu wakiona. Mwashi alipoona mwanamume anakuja akageukia ukuta upesi.

"Mama mkwe," akasema Lugendo, "nakuomba ugeuke."

Watu walishtuka. Mwashi hakugeuka. Akauambia ukuta, "Nyamizi, mwanangu, njoo umtazame mumeo. Nadhani ana homa."

"Sina homa, mama." Lugendo akaketi chini, akavua viatu, akaviweka kati yake na bibi. "Viatu hukuviharibu wewe. Niliviweka motoni mimi, nawe ukaviokoa. Na hata moto haukuwa mwanzo wa kosa. Mafuta ya viatu niliyala mimi."

Bibi akageuka taratibu. Kwa mara ya kwanza mkwe na mkwe walitazamana, na jua likiwa palepale mbinguni halikuanguka.

"Uliyala na nini?" akauliza.

"Na kidole."

"Kidole kitupu?"

"Kitupu, mama."

"Hata kiazi hukuyatafutia." Akatikisa kichwa. "Mwizi usiye na mapishi."

Mwanamke mmoja akacheka, akajizuia, kisha wengine nao ikawashinda. Lugendo hakucheka. Alikuwa ameinama, na Mwashi aliona mabega yake yanatetemeka, akaacha mzaha.

"Mimi nami nilivigusa," akasema. "Nilijua ni mwiko, na ningevigusa tena. Lakini nilipoelekezewa kidole nilikuchukia, mkwe, na chuki hiyo nimelala nayo hapa nyuma ya ghala. Nayo naiweka hapo kwenye viatu. Sasa tumemaliza."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake kidogo kilichozibwa kwa nta. Yalikuwa mafuta ya nyonyo, aliyokuja nayo toka kijiji chake kwa ajili ya kumpaka mjukuu siku ya kuzaliwa. Nyamizi aliyaona, akasema, "Mama, hayo ni ya mtoto."

"Mama yake asipokula, nitampaka mtoto gani?" Mwashi akajibu.

Akaketi chini, akakipakata kiatu cha mkwe wake mapajani. Akakaza mshono ulioachia, akakunjua mingine, akaondoa chumvi kwa kitambaa, akapaka mafuta kwa kidole gumba, akianza na soli na mishono, mahali pasipoonekana na watu. Aliyapasha kwa pumzi yake ili yaingie. Ngozi iliyanywa. Walioshuhudia wanasema waliiona ikinywa, ikabadilika rangi, na mdomo wa ule ufa ukajifumba kama mdomo wa mtoto aliyeshiba.

Lugendo akavivaa akaenda, na safari hii hakwenda mbali. Alisikia mlio upande wa migunga. Akasimama akajipekua moyoni, asikute neno. Dume moja changa likatoka kundini likasimama ubavu. Alipolipata aliliomba radhi na kumshukuru Mungu. Na kabla ya kukata kipande cha mtu yeyote alichukua mafuta ya kwanza akavilisha viatu vyake palepale, njaa ikimkwangua tumbo.

Wazee walifuta shauri lao, na uchungu ulimshika Nyamizi alfajiri, ana nyama tumboni na mikono ya mama yake mgongoni. Akajifungua mtoto wa kike. Hapakuwa na nyonyo, wakampaka mafuta ya pofu.

Na tangu siku hiyo, pofu akitembea magoti yake hulia, nanyi mtamsikia kabla hamjamwona. Tangu siku hiyo mwindaji wa kwetu hapaki mwenyewe viatu vyake anapojiandaa kwa safari. Awe na buti za dukani au za kushona kwa mkono, huvipeleka kwa mama mkwe wake, na kama mama mkwe hayupo, kwa mtu wa nyumbani anayemwonea haya zaidi. Viatu huwekwa chini kati yao, mmoja hupaka, mwingine husema alilonalo.

Na ikitokea wanaume wako porini, mlio ule ukasikika karibu, upinde umeshavutwa, halafu mmoja wao akaushusha akageuka kuelekea nyumbani, wenzake humpisha njia. Hakuna anayemwuliza kwa nini anarudi mikono mitupu.